Kuliuliza tangi au kuyauliza maji: ulinganisho wa njia za kufuatilia mafuta yanayovuja ardhini Mombasa

Mwenye kituo cha mafuta anayetaka kujua kama tangi lake lililozikwa ardhini linavuja ana njia mbili: kuliuliza tangi lenyewe, au kuyauliza maji yaliyo chini yake. Njia za kwanza hupima kilichobaki ndani, na za pili hutafuta kilichotoka nje. Wauzaji wa vifaa huzinadi kana kwamba moja inaweza kushika nafasi ya nyingine, na huenda ziko ardhi ambazo kosa hilo halina gharama kubwa. Mombasa si mojawapo. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa na mapango, maji ya ardhini karibu na ufuo hupanda na kushuka pamoja na bahari, na nyumba nyingi zina kisima uani au hutegemea kisima cha msikiti au cha jirani. Ulinganisho huu unawalenga watu wawili: mwenye kituo anayepaswa kuamua pesa zake ziende wapi kwanza, na kamati ya mtaa ambayo kisima chake kiko karibu na kituo hicho.

Kinachotafutwa ni nini

Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban gramu 740, kwa hiyo petroli inapofika kwenye maji ya ardhini huelea juu yake. Hata hivyo, sehemu yake huyeyuka ndani ya maji, hasa kemikali nne: benzini, toluini, ethilibenzini na zailini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzini katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita, kwa sababu kemikali hiyo husababisha saratani ya damu. Vikomo vya nyingine tatu ni miligramu 0.7, 0.3 na 0.5 kwa mfuatano huo. Tukichukua petroli yenye benzini ya asilimia 1, lita moja tu ina benzini ya kufikisha lita 740,000 za maji kwenye kikomo hicho. Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini kifaa kinachogundua mvujo mkubwa peke yake hakimsaidii sana mtu mwenye kisima.

Wengi huamini kwamba maji yenye petroli yatajulikana kwa harufu. Ni kweli kwa kiasi, kwa sababu ethilibenzini na zailini hunukia hata zikiwa chini ya vikomo vyake. Benzini ni kinyume: pua huitambua ikiwa imeshapita kikomo zaidi ya mara 100. Tena benzini haishikiliwi sana na udongo, hivyo hutangulia wenzake katika safari. Kisima kilicho kwenye ncha ya mkondo wa uchafu kinaweza kuwa na benzini iliyozidi kikomo bila kunuka chochote. Anayesubiri harufu amechagua njia ya ufuatiliaji, ila amechagua iliyo dhaifu kuliko zote.

Kuliuliza tangi

Njia iliyozoeleka zaidi ni kijiti cha kupimia pamoja na daftari la mauzo. Mfanyakazi hutumbukiza kijiti asubuhi na jioni, kisha hulinganisha mafuta yaliyomo, yaliyoletwa na lori na yaliyopita kwenye pampu. Njia hii haina gharama ya vifaa, na kila kituo huifanya kwa sababu za kibiashara. Udhaifu wake umo katika ukubwa wa kosa linaloruhusiwa. Kanuni za Marekani za matangi ya chini ya ardhi, zilizotolewa mwaka 1988 na ambazo hutumiwa kama kipimo katika nchi nyingi, huhesabu tofauti ya mwezi kuwa ya kutiliwa shaka ikizidi asilimia 1 ya mafuta yaliyopita pamoja na galoni 130, yaani lita 492. Kituo kinachouza lita 200,000 kwa mwezi kinaweza basi kupoteza karibu lita 2,490 bila daftari kupiga kelele. Joto nalo huchanganya hesabu, kwani petroli lita 10,000 huongezeka au kupungua kwa takriban lita 10 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Na pale upungufu unapoonekana, wa kwanza kulaumiwa huwa ni dereva wa lori au kijana wa pampu, huku tangi likiwa la mwisho kufikiriwa.

Jambo moja katika njia hii linastahili kuthaminiwa kuliko lilivyo sasa: dawa ya kutambulia maji inayopakwa ncha ya kijiti. Pale ambapo usawa wa maji ya ardhini uko juu ya kitako cha tangi, tundu linaweza kuingiza maji kabla halijatoa mafuta. Maji yanayoongezeka ndani ya tangi bila mvua kubwa na bila kifuniko kibovu ni dalili ya tundu, na gharama ya kuiona ni dawa kidogo. Ikiwa maji hayo yanaongezeka wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, na kutulia wakati wa maji mafu, inapojaa kidogo, sioni haja ya kungoja ushahidi mwingine kabla ya kulisimamisha tangi.

Geji ya kielektroniki ni hatua kubwa mbele. Fimbo yenye vihisio hukaa ndani ya tangi daima, husoma kimo cha mafuta, joto na maji ya chini, na usiku ambapo pampu zimelala hufanya jaribio la kutovuja. Kwa mujibu wa kanuni hizo za Marekani, geji inapaswa kugundua mvujo wa galoni 0.2 kwa saa, yaani lita 0.76, kwa uhakika wa asilimia 95. Hii inasikika kuwa ndogo mpaka ipigiwe hesabu: ni lita 545 kwa mwezi. Mvujo wa lita 0.3 kwa saa, ambao geji nyingi hazitauona, ni zaidi ya lita 2,600 kwa mwaka. Geji pia hailindi mabomba yaliyo kati ya tangi na pampu. Kwenye kituo ambacho mafuta husukumwa kwa pampu iliyozamishwa ndani ya tangi, bomba lililotoboka humwaga mafuta ardhini kila mteja anapojaziwa gari, na geji haitasema neno kama hakuna kifaa cha pili cha kulinda bomba. Mfumo wa zamani wa pampu inayovuta kutoka juu una nafuu hapa, kwani bomba likitoboka huvuta hewa, pampu hukohoa, na mafuta yaliyomo hurudi tangini ikiwa vali iko karibu na pampu.

Jaribio la kutovuja linalofanywa na fundi maalumu huwa kali zaidi, kwani hutafuta mvujo wa galoni 0.1 kwa saa, nusu ya ule wa geji. Lakini ni picha ya siku moja. Tena, tangi ambalo nusu yake imezama katika maji ya ardhini linaweza kufaulu jaribio huku lina tundu, kwa sababu uzito wa maji ya nje husawazisha uzito wa mafuta ya ndani. Fundi anayefanya jaribio kisiwani bila kuuliza maji ya ardhini yako kimo gani saa hiyo hajafanya kazi yake, na mwenye kituo ana haki ya kudai kimo hicho kiandikwe kwenye ripoti.

Tangi lenye kuta mbili na kihisio kati ya kuta hizo ndilo bora kuliko yote hapo juu, kwa kuwa hutoa onyo kabla hata tone moja halijafika ardhini. Anayejenga kituo kipya asipoteze muda kulinganisha, achague hilo. Tatizo ni kwamba wengi wanaosoma ulinganisho kama huu wana tangi la ukuta mmoja ambalo limeshazikwa.

Mvuke wa udongoni

Njia hii hutumia mabomba membamba yaliyochomekwa ardhini karibu na tangi, ambayo hewa yake hupimwa kwa kifaa cha mkononi au kihisio cha kudumu. Ni ya haraka na hugundua petroli vizuri, ingawa kwa dizeli ni dhaifu kwa sababu dizeli haitoi mvuke mwingi. Mombasa ina vikwazo vitatu: udongo unaolowa maji ya bahari yanapojaa huziba njia ya mvuke, unyevu wa hewa ya pwani huvuruga usomaji wa baadhi ya vifaa, na mashimo ya vyoo na makaro yaliyotapakaa mjini hutoa gesi ya methani ambayo vihisio vya bei nafuu hushindwa kuitofautisha na mafuta. Kwa matangi ya maeneo ya juu na makavu njia hii ina nafasi. Kwa yaliyo karibu na ufuo, nisingeitegemea.

Kuyauliza maji

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, kwa sababu neno kisima cha ufuatiliaji linabeba mambo mawili yenye uwezo tofauti kabisa. La kwanza ni kisima kinachochunguzwa kama kuna tabaka la mafuta yanayoelea, kwa fimbo maalumu, kwa chombo cha kuchotea kinachoona ndani, au kwa kihisio cha kudumu. Kanuni za Marekani zinadai kifaa hicho kione tabaka la unene wa milimita 3 hivi, na ukaguzi ufanyike angalau kila siku 30. La pili ni kisima ambacho maji yake hupelekwa maabara kutafutiwa kemikali zilizoyeyuka. Umbali kati ya mambo hayo mawili ni mkubwa: maji yaliyogusana na petroli yenye benzini ya asilimia 1 yanaweza kubeba benzini kupita mara 1,000 ya kikomo, na maji hayo yakasafiri hadi kisimani bila tabaka lolote la mafuta kuonekana juu yake. Kihisio cha tabaka humlinda mwenye kituo dhidi ya hasara ya mafuta. Maabara ndiyo inayomlinda anayekunywa.

Kanuni hizo hizo zinakubali visima kama njia ya kugundua mvujo pale tu ambapo maji ya ardhini hayako chini zaidi ya futi 20, takriban mita 6, na ardhi inapitisha maji kwa wepesi, si chini ya sentimita 0.01 kwa sekunde. Mombasa inaugawanya uamuzi huu kijiografia. Kisiwani, na katika sehemu za Likoni na Kisauni ambako mchanga na matumbawe hupishana, ardhi hupitisha maji kwa wingi, na karibu na ufuo maji hayako mbali. Changamwe na maeneo ya bara magharibi yako juu ya mwamba wa mfinyanzi uliogandamana, wa enzi ya Jurasi, ambao hupitisha maji kwa shida. Huko mafuta yanaweza kukaa karibu na tangi kwa muda mrefu bila kufika kwenye kisima kilicho mita 10 tu kutoka hapo. Mwenye kituo wa Changamwe atanufaika zaidi na geji nzuri pamoja na mvuke wa udongoni kuliko na visima. Wa Majengo au Makupa hana anasa hiyo.

Lakini kisiwani nako visima vina mtego. Katika mchanga, mkondo wa uchafu husambaa kwa utaratibu, na visima vitatu vilivyopangwa kwa pembetatu hutosha kuonyesha maji yanaelekea wapi. Katika matumbawe, maji hufuata ufa. Visima vitatu vya pembeni mwa kiwanja vinaweza kutoa maji safi mwaka mzima huku kisima cha nyumba ya tatu kikipokea petroli kupitia njia ambayo hakuna aliyeijua. Mafuta ya bomba la Mombasa hadi Nairobi yalipovuja mwaka 2015 katika eneo la mto Thange, kaunti ya Makueni, mto wenyewe ulionekana kuchafuka. Matumbawe hayana mto wa kuonyesha.

Bahari nayo inaongeza mitego miwili. Kwanza, mwelekeo wa maji karibu na ufuo unaweza kugeuka kati ya maji kujaa na maji kupwa, kwa hiyo vipimo vya kimo katika visima vyote vichukuliwe kwa wakati mmoja, na ni afadhali virudiwe kwa muda wa saa 25 hivi ili mizunguko miwili ya maji ipite. Pili, tabaka la mafuta ndani ya kisima hunenepa maji yanaposhuka na hupungua au kutoweka yanapopanda. Mkaguzi anayekuja kila mara wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, anaweza kuandika "hakuna mafuta" mwezi baada ya mwezi kwa uaminifu kamili na bado akawa amekosea. Ripoti isiyotaja hali ya bahari saa ya kipimo irudishwe.

Ujenzi wa kisima una uzito uleule. Sehemu yenye matundu ya bomba lazima ianze juu ya kimo cha juu kabisa cha maji na ishuke chini ya kimo cha chini kabisa, tukihesabu bahari na msimu wa masika. Matundu yakiwa yamezama muda wote, mafuta yanayoelea hayataingia, na kisima kitakuwa cha kupendeza macho tu. Hili hutokea mara nyingi pale fundi anapochimba kama anavyochimba kisima cha kuvuta maji, ambacho kwa makusudi hukwepa maji ya juu.

Visima vya mtaa kama mtandao

Kuna njia ambayo wataalamu wengi huidharau: kutumia visima vilivyopo mtaani. Visima vya kuchimba kwa mkono kisiwani vinafika juu tu ya maji ya ardhini, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi nyingi huelea juu ya yale ya bahari na anayechimba zaidi hupata chumvi. Hapo juu ndipo petroli inapokaa. Tena visima hivi huvutwa kila siku, hivyo huyaita maji kutoka kwenye nyufa ambazo kisima cha ufuatiliaji kilicholala hakizifikii. Kwa matumbawe, faida hiyo ni kubwa.

Hasara yake ni kwamba kisima kipana na kilicho wazi hupoteza kemikali hewani, na ndoo inayopiga maji huzidisha upotevu huo, kwa hiyo matokeo yanaweza kuwa chini ya ukweli. Kisima chenye pampu ni bora zaidi, mradi sampuli ichukuliwe kwenye bomba la karibu na kisima kabla maji hayajapanda kwenye tangi la paa. Isitoshe, mafundi wa magari wanaomwaga oili chafu barabarani huchafua visima hivyo hivyo. Maabara itofautishe oili na petroli kabla ya mtu yeyote kunyooshewa kidole. Kwa maoni yangu, visima viwili au vitatu vya mtaa vilivyochaguliwa vizuri, pamoja na visima vya kiwanjani vilivyojengwa ipasavyo, vinaeleza hali ya matumbawe kuliko visima sita vya kiwanjani peke yake.

Sampuli ndiyo mahali ambapo pesa nyingi hupotea. Maji yaliyotiwa katika chupa ya soda na kukaa garini hadi kesho yake hayana cha kusema maabara. Kinachotakiwa ni vichupa vya kioo vya mililita 40, vilivyojazwa hadi kusiwe na kiputo cha hewa, vikiwa na tindikali kidogo ya kuzuia bakteria, ndani ya kasha la barafu, na kupimwa ndani ya siku 14. Maabara iwe na ithibati ya KENAS, taasisi ya Kenya inayothibitisha uwezo wa maabara, kwa kemikali hizo hasa, si ithibati ya jumla ya kupima chumvi na bakteria.

Kipi kwanza

Kwa kituo cha kisiwani chenye tangi la ukuta mmoja, ningetanguliza geji ya kielektroniki pamoja na kifaa cha kulinda bomba, kwa kuwa ndizo zinazotoa habari mapema. Pesa za pili ningeziweka kwenye sampuli za maabara mara mbili kwa mwaka, moja baada ya masika na moja mwishoni mwa kiangazi, kutoka visima vya kiwanjani na vya majirani kwa pamoja. Jaribio la kutovuja lingefuata, na mvuke ungekuwa wa mwisho. Uchimbaji wa visima unahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na mvujo uliothibitishwa unahusu NEMA, mamlaka ya mazingira, na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Mwenye kituo aliye na rekodi za miaka kadhaa ataongea nazo akiwa na mguu wa kusimamia.

Kamati ya mtaa haina uwezo wa kuingiza kijiti katika tangi la mtu mwingine, kwa hiyo kwake chaguo ni moja: sampuli ya maabara ya kisima chake, ikichukuliwa kabla ya kuwapo shida yoyote, ili pawe na matokeo ya kulinganishia. Wanaosema maji ya kisima ni ya kuoga na kufulia tu, kwa kuwa ya kunywa hununuliwa kwa mkokoteni, wakumbuke kwamba benzini hutoka kwenye maji ya kuoga na kuvutwa kwa pumzi katika bafu lililofungwa.

Hali moja haimo katika ulinganisho wote wa vifaa vya tangi, nayo ni kituo kilichofungwa. Pampu zimeng'olewa, kiwanja kimekuwa maegesho au duka, na tangi bado limo ardhini pengine likiwa na mafuta ya mwisho. Hapo hakuna daftari wala geji, na maji peke yake ndiyo yanayoweza kuulizwa. Anayenunua kiwanja cha namna hiyo adai, kabla ya kutia sahihi, matangi yaondolewe, udongo wa chini ya kitako chake upimwe, na kisima kimoja angalau kichimbwe upande ambao maji huelekea bahari inapokupwa.